Toki renchi: jinsi ya kuichagua na kuitumia kukaza nati za gari nyumbani

Mvua zinapokolea Rungwe, maswali ya magari huongezeka kwenye simu za kipindi chetu. Mengi hutoka kwa wenye kirikuu na Noah wanaobeba ndizi, viazi na parachichi kutoka Kinyala, Kiwira na vijiji vya jirani, na mara nyingi swali ni lilelile kwa maneno tofauti: nati za tairi zikazwe kiasi gani? Jibu la kijiweni ni "mpaka ikatae". Jibu la kitabu cha gari ni namba. Makala hii inaeleza namba hiyo ni nini, kifaa kinachoipima, namna ya kukinunua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na la kufanya siku ambayo huna.

Namba inapima nini

Ukivuta spana, nguvu ya mkono wako huzidishwa na urefu wa spana. Spana fupi inataka nguvu nyingi, ndefu inataka kidogo. Nguvu hiyo ya kuzungusha mafundi huiita toki, na kipimo chake ni Nyutoni mita, kwa kifupi Nm. Kwa magari mengi madogo ya Toyota yanayotembea huku kwetu, kama Corolla, IST na Noah, nati za tairi hukazwa kwa 103 Nm.

Sasa piga hesabu ya kile tunachokiona kila siku barabarani. Spana ya tairi ina urefu wa sentimita 30. Mtu wa kilo 70 anapanda juu yake na kusimama. Hapo ameweka takriban 206 Nm, mara mbili kamili ya inayotakiwa. Akirukaruka, au akichomeka bomba ili spana iwe ndefu, inazidi hapo.

Wengi hudhani kuzidisha ni usalama. Siyo. Bolti hufanya kazi kama springi: ukiikaza inavutika kidogo sana, kiasi usichoweza kukiona, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana ringi isicheze. Ukiivuta kupita uwezo wake, hairudi tena. Inabaki imechoka, hesi zake zimeharibika, na siku ya mzigo mzito inakatika. Kukaza kupita kiasi, hasa nati moja ikizidi nyingine, huchangia pia diski za breki kupinda, na unapokanyaga breki usukani unatikisika. Na usisahau siku ya pancha usiku, njiani, mvua inanyesha, na nati haitoki hata kwa watu wawili.

Kulegea nako kuna hatari ya moja kwa moja. Ringi ikicheza hata kidogo, kila mzunguko wa tairi unaifungua nati zaidi na kulipanua tundu la ringi mpaka linakuwa na umbo la yai. Tairi likichomoka kwenye tambarare, dereva mwenye bahati atasimama pembeni. Likichomoka kwenye miteremko ya kushuka Kyela, upande mmoja kuna bonde na mbele kuna watu wanaotembea kwenda gulioni.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau ni msuguano. Katika nguvu yote unayoiweka kwenye nati, takriban asilimia 90 huliwa na msuguano wa hesi na wa uso wa nati kwenye ringi. Inayobaki, kama sehemu moja ya kumi, ndiyo inayobana. Kwa hiyo kutu, udongo na oili hubadilisha kila kitu. Nati yenye kutu itaonyesha 103 huku bolti haijavutika ipasavyo. Nati iliyopakwa oili itaonyesha 103 huku bolti imevutwa kupita kiasi. Namba za kitabu kwa nati za tairi huwa ni za hesi safi na kavu, isipokuwa kitabu chenyewe kiseme vinginevyo. Piga brashi ya waya, futa, basi. Usipake oili wala grisi.

Aina tatu

Toki renchi ni spana yenye kipimo. Anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wake ni Conrad Bahr, mfanyakazi wa idara ya maji ya jiji la New York, Marekani, mwaka 1918, na shida yake haikuwa magari bali bolti za mabomba ya maji. Siku hizi utakutana na aina tatu.

Ya kwanza ni ya mshale. Ina fimbo inayopinda kidogo unapovuta, na mshale ulionyooka unaosoma namba kwenye bati dogo karibu na mkono. Haina springi ya kuchoka, haina cha kurekebisha, na ukiona mshale hausimami kwenye sifuri unajua mara moja. Ubaya wake ni kwamba lazima uangalie namba kutoka juu yake moja kwa moja. Ukiitazama ubavuni inakudanganya, na ukiwa umeinama uvunguni si rahisi.

Ya pili ndiyo inayouzwa zaidi, ile inayolia. Unazungusha mkono wake mpaka namba unayotaka, unavuta, na ikifika inalia "tak" na kulegea kidogo mkononi. Ni ya haraka na hata gizani inafanya kazi. Lakini ndani ina springi, na springi isipotunzwa inadanganya bila kukuonyesha dalili yoyote.

Ya tatu ni ya betri yenye kioo cha namba. Nzuri, ila ghali, na betri yake hupenda kuisha wakati mbaya. Kwa matumizi ya nyumbani hatuoni sababu ya kuikimbilia.

Kwa maoni yetu, mtu anayetaka kifaa kimoja tu kwa ajili ya matairi achukue ile inayolia, yenye mraba wa nusu inchi na uwezo wa kuanzia 28 au 40 hadi 210 Nm. Namba 103 inakaa katikati ya uwezo huo, na katikati ndipo kifaa hiki hupima vizuri. Chini kabisa ya skeli, hasa chini ya sehemu moja ya tano ya namba ya juu, usiiamini. Ndiyo maana spana hiyohiyo haifai kwa plagi. Plagi na bolti ndogo zinataka ndogo yake, ya mraba wa robo tatu ya huo, yaani inchi tatu kwa nane.

Ukienda kununua

Mbeya, maduka ya zana yapo Mwanjelwa na SIDO, na wanaoshuka Dar es Salaam hupita Gerezani na Kariakoo. Mpya au ya mtumba, ifanyie haya kabla ya kutoa hela.

Zungusha mkono kutoka namba ya chini hadi ya juu. Uende laini, bila kukwama na bila kuruka. Angalia kama kitasa cha kufungia kinashika kweli, maana namba inayohama wakati unavuta ni hasara tupu. Soma skeli: iwe na Nm, na alama zionekane, zisiwe rangi inayofutika kwa kidole. Kisha omba kuijaribu kwenye nati ya gari lolote lililo karibu, ukiiweka kwenye namba ya chini. Ilie. Muuzaji anayekataa jaribio hilo dogo, mwache na spana yake.

Nyingi nzuri huja na karatasi ya kipimo yenye namba ileile iliyochongwa kwenye mwili wa spana. Kiwango cha kimataifa cha zana hizi, ISO 6789, kinaruhusu aina hii ikosee kwa asilimia 4 juu au chini. Kwa 103 Nm, ni kati ya 99 na 107, na hiyo inatosha kabisa kwa tairi.

Nunua na soketi yake. Nati nyingi za tairi za Toyota ni namba 21, magari mengine hutumia 19, kwa hiyo pima za gari lako kwanza. Na kama bei inauma, kumbuka kwamba tairi halifunguliwi kila siku. Watu watano wa kikundi kimoja cha vicoba wanaweza kumiliki moja na ikakaa bila kugombaniwa, mradi wakubaliane jambo moja: haiazimwi kama spana ya kawaida. Ikitoka kwenda kufungulia nati ya trekta, irudi usiirudi, imeshakufa.

Kusoma namba

Magari yetu mengi yalitoka Japani, na kitabu kilicho kwenye deshibodi kimeandikwa Kijapani. Kisikutishe. Tafuta ukurasa wenye mchoro wa tairi na jeki, kisha herufi N na m zikiwa na nukta katikati. Namba iliyo mbele yake ndiyo unayoitaka. Vitabu vya zamani hutumia kipimo cha kilo. Humo, 103 Nm huandikwa 10.5 kgf.m, au 1,050 kgf.cm. Skeli za Kimarekani huandika 76 ft-lb.

Hapo kwenye ft-lb pana mtego. Toki renchi nyingi zina skeli mbili, moja kila upande. Ukiweka 103 kwenye upande wa ft-lb, umeweka karibu 140 Nm bila kujua. Hakikisha umesoma Nm.

Ile inayolia husomwa kwa kujumlisha. Fimbo ina mistari mikubwa, mkono una namba ndogo zinazozunguka. Kama mstari wa fimbo ni 98, zungusha mkono mpaka sifuri yake ikae kwenye mstari huo, kisha endelea mpaka 5. Jumla ni 103. Funga kitasa.

Namba za gari moja si za gari jingine. Suzuki Carry, yaani kirikuu, ina zake, Hiace ina zake, na Fuso ni habari tofauti kabisa, kwa sababu malori mengi ya Kijapani ya mtindo wa zamani yana nati za upande wa kushoto zinazokazwa kinyume. Usichukue 103 ya Noah ukaipeleka kwenye lori.

Kukaza tairi hatua kwa hatua

Weka gari mahali tambarare, vuta hendibreki, zuia matairi mengine kwa mawe. Kama umetoka kushuka mlima sasa hivi na ringi ina moto, subiri ipoe. Kwangua udongo na kutu pale ringi inapokutana na habu, pande zote mbili. Huku kwetu kwenye matope hii si kazi ya mapambo: tope likibanwa katikati, nati itakaza vizuri leo, tope likauke na kudondoka kesho, na nati ibaki imelegea.

Anza kila nati kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla spana haijaigusa. Nati isiyoingia kwa vidole ina tatizo, itoe uone. Upande wake wenye umbo la koni uelekee ringi. Hapa wenye ringi za mitumba wawe macho: nyingi za aluminiamu za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, za chuma hutumia za koni. Ukibadilisha ringi bila kubadilisha nati, nati haikai, hata uikaze kwa namba sahihi.

Gari likiwa bado juu ya jeki, bana nati kwa spana ya kawaida kiasi tu cha ringi kukaa. Shusha mpaka tairi liguse ardhi na lisizunguke. Sasa toa toki renchi. Kwa nati tano, ruka moja kila mara kama unachora nyota. Kwa nne, nenda kwa msalaba. Mzunguko wa kwanza weka kama 60, wa pili weka 103.

Shika katikati ya mkono, pale palipowekewa mpira au mikwaruzo, si karibu na shingo. Vuta taratibu, mvuto mmoja, bila kushtua. Ikilia, acha. Kuna watu huipigisha mara tatu "kwa uhakika", na kila mara wanaongeza kidogo. Sikiliza kwa mkono pia, si kwa sikio tu. Mvua ikipiga bati la gereji hutasikia kitu. Usichomeke bomba kwenye mkono wa toki renchi, kwani namba inaharibika. Kiunganishi kirefu kati ya soketi na spana, kile kinachonyooka moja kwa moja na nati, hakina shida.

Tembea kilomita 50 hadi 100, kisha kagua. Safari moja ya Mbeya inatosha kuwa kipimo. Weka 103 uleule, vuta: ikilia bila nati kusogea, vizuri. Ikisogea, ilikuwa imelegea. Lakini ujue kwamba ukaguzi huu hauonyeshi nati iliyozidishwa. Kama tairi lilifungwa dukani kwa bunduki ya upepo, njia ya kweli ni kulegeza nati moja moja kwa spana ya kawaida na kuikaza upya kwa kipimo. Au mwambie fundi mapema aishie nusu, umalizie mwenyewe. Hakuna fundi wa maana atakayekasirika.

Siku ambayo huna toki renchi

Kwa kuwa toki ni uzito mara urefu, unaweza kuipima kwa vitu vya nyumbani. Kilo 21 zikivuta kwa umbali wa nusu mita zinatoa 103 Nm. Kilo 21 ni dumu la lita 20 lenye maji: kilo 20 za maji, na takriban kilo moja ya dumu lenyewe. Jaza mpaka alama ya lita 20 tu. Ukijaza hadi mdomoni inazidi.

Nati ya tairi iko chini, dumu halina pa kuning'inia, labda uchimbe shimo. Rahisi zaidi ni mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa parachichi. Kwanza ning'iniza dumu kwenye mizani uone kama inasema 21. Kisha chukua spana ya kawaida yenye bomba (kwa spana ya kawaida bomba linaruhusiwa), pima sentimita 50 kutoka katikati ya nati, utie alama na ufunge kamba hapo. Spana ielekee kushoto kwako, imelala sawasawa. Ning'iniza mizani kwenye kamba na uvute kwenda juu, taratibu, mpaka isome 21. Nati ikizunguka na bomba likapanda, toa spana, iweke tena ikiwa imelala, uvute upya. Bomba likiwa limeinama, hesabu inapungua, kwa hiyo kulala sawasawa ndiyo siri yote. Uzito wa bomba unakula Nm chache, hazina madhara.

Dumu hilohilo linaikagua toki renchi. Ibane kwa mraba wake kwenye jiliwa la fundi seremala au fundi chuma, ilale sawasawa. Ning'iniza dumu katikati ya mkono. Kama kutoka mraba hadi hapo ni sentimita 42, dumu linatoa karibu 86 Nm, na uzito wa spana yenyewe unaongeza kidogo. Ukiiweka 80 lazima ilie. Ukiiweka 100 isilie. Ikikosea mojawapo, ipeleke kupimwa au uistaafishe.

Plagi, oili na injini

Plagi za magari mengi madogo ya petroli hutaka 18 hadi 25 Nm, na nati ya kumwagia oili kwenye injini kadhaa za Toyota ni 37 au 38. Ni namba ndogo kuliko watu wanavyodhani, na hesi zake mara nyingi zimo kwenye aluminiamu, inayoharibika kwa urahisi. Plagi iliyozidishwa inaweza kuharibu silinda hedi, na hapo gharama si ya plagi tena. Fungua na ufunge plagi injini ikiwa imepoa, uianzishe kwa vidole au kwa kipande cha mpira wa hewa. Kama huna spana ndogo ya kipimo, plagi mpya yenye washa huzungushwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili baada ya kugota kwa mkono. Wenye bodaboda, nati ya oili chini ya injini nayo imo humo humo: spana fupi, mkono mmoja.

Bolti za silinda hedi tunawaachia wenye kitabu cha injini husika. Nyingi hukazwa kwanza kwa kipimo kidogo, kisha kwa kuzungushwa nyuzi 90, wakati mwingine mara mbili, kwa mpangilio maalumu kuanzia katikati.

Kuitunza

Ukimaliza, rudisha mkono kwenye namba ya chini kabisa ya skeli. Usiupitishe hapo, usiuache kwenye 103 mpaka mwezi ujao. Ifute kwa kitambaa kikavu, usiiloweke kwenye petroli wala oili, kwani inaondoa grisi ya ndani. Ikae kwenye kisanduku chake, ndani ya nyumba, mbali na unyevu wa Tukuyu ambao unakula hata jembe lililoning'inizwa. Ikikaa muda mrefu bila kazi, ilize mara tano hivi kwenye namba ya katikati kabla ya kuitumia. Isitumike kufungulia nati, na ikianguka kwenye sakafu ya saruji, ikagueni kwa dumu kabla ya kuiamini tena. Wanaoitumia kila siku gereji huipeleka kupimwa kila baada ya miezi 12 au kukaza mara 5,000, lolote litakalotangulia. Ya nyumbani, kwa kazi ya matairi manne, itachukua miaka mingi kufika hizo 5,000, hivyo hesabu miezi.